Fungu la 14: Kisa cha Mashine ya Kuranda katika Ukumbi wa Mnada Mbeya

Karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa mashine ile ilikuwa na mistari mitatu ya wino mzito: fungu la 14; mashine ya kuranda mbao, mota ya fezi tatu; pamoja na visu vyake. Mgogoro ninaouchambua hapa ulizaliwa na mstari wa tatu, ukakuzwa na mtu mmoja aliyenyanyua mkono bila kuwa na kibao cha namba, nao ulinifikia kama msuluhishi siku nne baada ya nyundo kugongwa. Majina ya wahusika siyataji, na namba za mafungu pamoja na kiasi cha fedha nimevibadilisha ili watu wasitambulike, ila mfuatano wa mambo nimeuacha kama ulivyokuwa.

Mwenye mali alikuwa fundi seremala aliyefanya kazi Mbeya kwa miaka mingi, akafariki na kuacha karakana iliyojaa. Warithi walikuwa saba, na mashine haigawanyiki kama gunia la mahindi. Msimamizi wa mirathi, ambaye ni mdogo wa marehemu, aliona kwamba njia yenye lawama ndogo ni kuuza kila kitu hadharani na kugawa fedha. Akamchukua dalali mwenye leseni, naye dalali akapanga ghala upande wa Iyunga na kuligeuza ukumbi wa maonyesho kwa siku mbili, ili siku ya tatu afanye mnada humo humo.

Inafaa kueleza mapema kwamba huu haukuwa mnada wa kukazia hukumu, kwa sababu watu wengi wakisikia neno dalali huwaza deni na kufilisiwa. Laiti ungekuwa wa mahakama, kanuni zingekuwa nyingine: Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai hutaka zipite siku zisizopungua 15 tangu tangazo libandikwe kabla mali inayohamishika haijauzwa, na kifungu chake cha 48 huzikinga zana za kazi za fundi zisikamatwe kulipia deni. Hapa hapakuwa na mdai wala mdaiwa. Muuzaji aliuza kwa hiari yake, na sheria iliyotawala ni ile ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, pamoja na Sheria ya Madalali, Sura ya 227.

Sasa niueleze ukumbi wenyewe, maana kisa chote kimo ndani yake. Ghala lilikuwa na sakafu ya zege na milango miwili mikubwa ya bati. Mashine nzito zilipangwa kando ya kuta, kila moja na karatasi yake, na katikati palikuwa na meza ndefu iliyobeba vitu vidogo: patasi, jiriwa, keekee, misumeno ya mkono na masanduku ya misumari. Siku ya kwanza ya maonyesho sanduku la visu vya randa lilikuwa limewekwa juu ya mashine yenyewe, pale pale palipobandikwa karatasi. Mnunuzi wetu, fundi wa Mafinga anayeranda mbao za paina kutoka msitu wa Sao Hill, aliliona kwa macho yake. Alilifungua, akavihesabu visu, akapitisha kidole gumba kwenye makali, na akaandika kwenye simu yake: visu sita, vitatu vipya. Kwa yeyote asiyeijua kazi hii, niseme tu kwamba visu vya mashine ya namna hiyo vina urefu wake maalumu unaolingana na kichwa chake, na mashine isiyo navyo ni chuma kinachopiga kelele.

Jioni ya siku ya pili kijana wa dalali aliyekuwa analinda ukumbi aliona watu wanaingia wengi na kutoka na makoti makubwa, ulikuwa Julai na baridi ya Mbeya haihitaji maelezo, akahofia vitu vidogo vitaibwa. Akalichukua sanduku la visu kutoka juu ya mashine na kulihamishia kwenye meza ndefu aliyoweza kuiangalia kutoka mlangoni. Alifanya hivyo kwa nia njema kabisa. Usiku huo karani alipokuwa anamalizia orodha ya mafungu alilikuta sanduku mezani, akaliunganisha na jiriwa mbili na keekee, akaliandika fungu la 31: sanduku la visu na zana ndogo. Karatasi ya fungu la 14 hakuna aliyeigusa.

Asubuhi ya mnada dalali alisimama saa nne kamili, akasoma masharti: mali inauzwa kama ilivyo na mahali ilipo; robo ya bei hulipwa siku hiyohiyo na salio ndani ya siku tatu; kila anayetaka kushiriki achukue kibao cha namba mezani kwa karani. Kisha akatangaza marekebisho mawili ya orodha, moja likiwa kwamba visu vya mashine ya kuranda vitauzwa peke yake. Fundi wetu hakuwepo. Alikuwa amerudi Mafinga baada ya ukaguzi wa siku ya kwanza, zaidi ya kilomita 200, na basi lake lilikwama nyuma ya foleni ya malori maeneo ya Inyala. Aliingia ukumbini saa tano kasoro, akachukua kibao, na fungu la 14 likafuata baada ya dakika chache.

Bei ilianzia 800,000 na kupanda kwa hatua za 50,000. Washindani walikuwa wawili tu, fundi na mfanyabiashara mmoja wa Tunduma, hadi huyu wa Tunduma alipotoa dau la 1,700,000, fundi akasema 1,750,000, na wa Tunduma akatikisa kichwa na kukiweka kibao chake mfukoni. Dalali akahesabu mara ya kwanza, akahesabu mara ya pili, na hapo ndipo kijana mmoja aliyeegemea mlango alipoinua mkono mtupu. Walishindana wao wawili mpaka kijana akafika 2,400,000 na fundi 2,450,000. Nyundo ikagonga.

Fundi alikwenda kuitazama mashine yake na hakuona sanduku. Alipouliza aliambiwa ni fungu jingine. Akarudi mbele akasema kwa sauti, "Mzee, dau langu nalifuta," naye dalali akamjibu, "Fundi, nyundo imeshagonga." Akalipa robo, yaani 612,500, kwa sababu aliogopa kukosa vyote, na fungu la 31 lilipofika akajaribu kulinunua. Lakini mkononi alikuwa amebakiwa na nauli tu. Lilichukuliwa na seremala mwingine wa Uyole kwa 180,000.

Madai yaliyoletwa mbele yangu yalikuwa manne, na nitaanza na lile ambalo fundi hakuwa na haki nalo. Alidai kwamba alilifuta dau. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inasema mauzo ya mnada hukamilika pale dalali anapoyatangaza kwa kugonga nyundo au kwa desturi nyingine, na mpaka wakati huo mzabuni yeyote anaweza kujiondoa. Kanuni hii ni ya zamani kuliko sheria yenyewe. Mwaka 1789, katika shauri la Kiingereza la Payne dhidi ya Cave, kilichonadiwa kilikuwa bomba la kupozea la mtambo wa kukeneka pombe. Mzabuni alifika pauni 40, dalali akasita akidai ameambiwa kwamba bomba lina uzito mkubwa na linastahili zaidi, mzabuni akamuuliza kama yuko tayari kuudhamini uzito huo, na dalali alipokataa yule bwana akajiondoa. Bomba likauzwa baadaye kwa pauni 30, muuzaji akamshitaki kwa tofauti, na akashindwa, kwa sababu dau ni pendekezo tu, na hugeuka mkataba nyundo inapogonga. Maamuzi kama haya yana nguvu kwetu kwa kuwa Tanganyika ilipokea sheria za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Lakini ninalolipenda katika kisa kile ni swali la mzabuni zaidi ya hukumu yake. Aliuliza kabla ya nyundo. Fundi wetu aliuliza baada yake, na kwa hoja ya kufuta dau peke yake nilimwambia wazi kwamba amechelewa.

Hoja ya visu ilikuwa nyingine kabisa, ingawa upande wa dalali ulijitahidi kuzichanganya hizi mbili. Dalali alisimama juu ya maneno "kama ilivyo na mahali ilipo", akayarudia karibu mara kumi, kana kwamba ni hirizi. Maneno hayo yana kazi yake. Yanamwambia mnunuzi kwamba kutu ni yake, beringi iliyokwisha ni yake, mota inayounguruma vibaya ni yake, kwa kuwa alipewa siku mbili za kukagua. Kwa maoni yangu hayamwambii kwamba kitu kilichoandikwa kimo ndani ya fungu chaweza kuwa hakimo. Hali ya mali ni jambo moja. Utambulisho wa mali ni jambo jingine. Bidhaa inapouzwa kwa maelezo, sheria huweka sharti lisilohitaji kuandikwa kwamba bidhaa italingana na maelezo hayo, na karatasi ile ubavuni mwa mashine ilikuwa maelezo yaliyoachwa na muuzaji mwenyewe hadi dakika ya mwisho.

Dalali alikuwa na jibu, nalo si jibu dogo: alirekebisha kwa mdomo, mbele ya watu, kabla ya fungu la kwanza. Ni kweli, na kwa mnunuzi aliyekuwepo na kusikia, tangazo la mdomo lingetosha kuifuta karatasi. Swali ni kama linamfunga aliyeingia baadaye, akapewa kibao na karani bila kuambiwa neno, akatazama mashine na kuikuta ina karatasi ileile aliyoisoma siku mbili kabla. Nilimuuliza dalali ingemgharimu nini kuupiga mstari wa tatu kwa kalamu. Hakujibu.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu naamini watu hutazama nyundo kupita kiasi na ukumbi wa maonyesho chini ya kiasi. Anayenunua robota la mtumba pale Mwanjelwa ananunua asichokiona, na bei yake inajua hivyo. Ndani ya bei mna hofu ya kukuta nguo zilizochakaa. Ukumbi wa mnada umejengwa juu ya kinyume chake. Mtu anaalikwa kuja kugusa, kufungua, kupima na kunusa, na kwa sababu ameruhusiwa kufanya hayo yote ndipo anaambiwa asilalamike baadaye. Ruhusa ya kukagua na katazo la kulalamika ni ncha mbili za kamba moja. Kwa hiyo kitu kikihamishwa baada ya mtu kukagua, na karatasi ikabaki, kamba imekatwa na muuzaji mwenyewe. Pale Hôtel Drouot, jumba la minada la Paris lililofunguliwa mwaka 1852, desturi ni kuonyesha vitu siku moja kabla na tena asubuhi ya mnada, ili aliyeona jana apate kuhakikisha kwamba leo ni kilekile. Iyunga asubuhi hiyo milango ilifunguliwa pamoja na mnada, na meza ndefu ilikuwa imezungukwa na watu.

Hata hivyo haki ya fundi juu ya visu haikumaanisha kwamba anaweza kuvichukua. Kila fungu katika mnada ni mkataba wake, na seremala wa Uyole alinunua fungu la 31 kwa nia safi, kwa karatasi iliyosema kweli, akalipa na kubeba. Visu vilikuwa vyake. Alichobaki nacho fundi ni haki ya kuikataa mashine au kudai fidia kwa muuzaji, na jambo hili lilimchukua muda kulikubali, maana alikuwa amekwisha pata namba ya simu ya yule seremala na alikuwa anampigia kwa maneno makali.

Dai la tatu lilikuwa la kijana wa mlangoni. Fundi alisema ni mpambe, yaani mtu aliyetumwa na muuzaji kupandisha bei bila nia ya kununua. Sheria iko wazi: pasipokuwa na taarifa kwamba muuzaji amejiwekea haki ya kutoa dau, muuzaji haruhusiwi kupandisha bei yeye mwenyewe wala kumtuma mtu ampandishie, dalali haruhusiwi kupokea dau la namna hiyo kwa kujua, na mnunuzi aliyefanyiwa hivyo anaweza kuyahesabu mauzo kuwa ya udanganyifu. Muuzaji anayetaka kujilinda anayo njia halali, nayo ni kutangaza kwamba kuna bei ya chini ambayo mali haitauzwa pungufu yake. Msimamizi hakutangaza lolote kati ya hayo.

Ugumu ulikuwa hapa: kijana alikuwa mtoto wa marehemu. Mrithi si muuzaji kwa sababu tu ni mrithi, na hakuna kinachomzuia mtoto kutaka mashine ya baba yake na kuigombea kwa fedha zake mbele ya watu wote. Nimewahi kuona familia ambamo hilo lilikuwa ndilo jambo la heshima zaidi. Msimamizi alishikilia hoja hiyo, akasema, "Huyu mtoto alikuwa na uchungu na kazi ya baba yake." Dalili za upande mwingine zilikuwepo, lakini hakuna iliyotosha peke yake: hakuwa na kibao, hakutoa dau kwenye fungu jingine lolote, na aliinua mkono pale tu mtu wa Tunduma alipotoka, wakati dalali amekwisha hesabu mara ya pili. Dalali kwa upande wake alikiri kwamba alipokea madau ya mtu asiyeandikishwa kinyume cha masharti aliyoyasoma mwenyewe, akasema alimfahamu kuwa ni wa familia na hakuona ubaya. Kukiri huko kulimweka pabaya kuliko alivyotambua.

Niliomba kijana aitwe. Alikuja, akawaamkia wakubwa, akakaa. Sikumuuliza kama alitumwa. Nilimweleza kwamba fundi yuko tayari kumwachia mashine kwa dau lake yeye, 2,400,000, alipe leo na mgogoro uishe. Fundi, ambaye tulikwisha elewana kabla, alitikisa kichwa kukubali. Kijana alimgeukia baba yake mdogo na kusema, "Baba, mimi mashine nitaiweka wapi?"

Baada ya hapo mazungumzo yalikuwa mepesi. Fundi alikuwa na haki ya kuikataa mashine na kurudishiwa robo yake, lakini aliitaka. Msimamizi hakutaka kuuita mnada upya na kulipa ghala mara ya pili. Bei tuliirudisha 1,750,000, na sababu yake si huruma: hilo ndilo dau alilotoa fundi baada ya mshindani wa mwisho wa kweli kuondoka, na ndipo nyundo ingegonga kama mkono mtupu usingeinuka. Kwa habari ya visu, seremala wa Uyole hakuwa na haja navyo, alitaka jiriwa na keekee, akakubali kuviuza peke yake kwa 90,000, na fedha hiyo ilitoka kwa msimamizi. Kwanza fundi alimwomba radhi kwa simu za ukali alizompigia.

Dai la nne, la nauli na gharama za kulala Mbeya, nililikataa. Mwaka 1873 mahakama ya Kiingereza ilimkatalia mfanyabiashara aliyesafiri kutoka London hadi Bury St Edmunds kununua samani zilizotangazwa, akakuta zimeondolewa mnadani. Tangazo la mnada ni taarifa ya kusudio, halimwajiri mtu kusafiri. Vilevile sikumpa chochote kwa lalamiko lililojitokeza katikati ya kikao kwamba karakana yake ina umeme wa fezi moja na sasa atalazimika kuomba TANESCO wamwingizie fezi tatu. Mstari wa pili wa karatasi ulisema kweli tangu mwanzo, na alikuwa ameusoma.

Iliyochukua muda kuliko vyote ilikuwa asilimia kumi ya dalali. Alikuwa amekwisha andika stakabadhi ya 245,000 akihesabu bei ya nyundo, na sasa alitakiwa kupokea 175,000. Alisema kazi aliifanya yote, na jasho halipungui kwa sababu bei imepungua. Nilimjibu kwamba ile 70,000 ilikuwa ujira wa madau ambayo masharti yake mwenyewe yalimkataza kuyapokea, na msimamizi, aliyekuwa kimya kwa muda mrefu, akasema kwamba hata yeye hatailipa. Dalali alisaini wa mwisho. Kabla ya kusaini aliomba neno "mpambe" liondolewe kwenye hati na mahali pake paandikwe "mtu asiye na kibao". Kwa kuwa yote mawili yalikuwa kweli, nilibadilisha.